Kutafuta meno madogo ya papa kwenye mashapo: kuanzia ndoo ya mchanga hadi hadubini

Wengi wanaofika Aurora, mji mdogo wa North Carolina nchini Marekani, huja na hamu moja: kuokota jino la megalodoni, papa wa kale ambaye meno yake makubwa hupita sentimita 15. Huparura mchanga juu juu, huokota yanayoonekana, huondoka. Yale waliyoyakanyaga ndiyo mengi zaidi. Papa wadogo na taa (samaki bapa walio jamaa ya papa) wengi wana meno ya milimita 1 hadi 5, na bila chekeche wanyama hao hawaonekani kabisa. Anayeokota kwa macho tu hurudi na picha ya bahari iliyojaa papa wakubwa. Picha hiyo ni ya uongo.

Meno ni mengi kwa sababu inayoeleweka. Mifupa ya papa ni gegedu, nayo huoza upesi. Jino lina ganda gumu la madini ya fosfeti yenye floraidi, na papa huangusha meno na kuotesha mengine maisha yake yote, maelfu kwa maelfu.

Hatua ya 1: Pata mashapo kwa njia halali

Tunatumia Aurora kama mfano kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuanzia hapo. Mgodi wa fosfeti ulio karibu hauruhusu wageni, lakini mchanga wake humwagwa kwenye marundo mbele ya Aurora Fossil Museum, na umma unaruhusiwa kuchakura. Mchanga huo umechanganyika: kuna wa tabaka la Pungo River, la kipindi cha Miosini, na wa Yorktown, la Pliosini, ambalo ni changa zaidi. Kwa hiyo jino la kwenye rundo haliwezi kuandikwa kuwa ni la tabaka fulani. Andika "Aurora, rundo la mchanga wa mgodi" na uishie hapo. Kubahatisha tabaka ni kuharibu kumbukumbu.

Ukiwa Tanzania au Kenya, usishike jembe kabla ya kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Hili si suala la nadharia. Tendaguru, mkoani Lindi, inajulikana kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, lakini mashapo yake yametoa pia meno madogo ya papa na taa wa kipindi cha Jurasi, akiwemo taa aitwaye Engaibatis schultzei. Kazi ya aina hii hapa kwetu hufanywa pamoja na makumbusho na vyuo vikuu, na mlango wa kuingilia ni kujitolea kwao.

Kwa kuanzia, kilo 5 zinatosha. Usijaze ndoo ya lita 20: mchanga mbichi wa ujazo huo hupita kilo 30, na mpini utakatika kabla hujafika kwenye gari. Weka lebo mbili za penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Wino wa kalamu hufutika kwa unyevu.

Hatua ya 2: Kausha kabisa, kisha loweka

Mwanzo huu wengi huuruka, kisha hulalamika kwamba udongo hauachii. Tandaza mashapo kivulini siku mbili tatu mpaka bonge likivunjwa lisionyeshe doa la unyevu katikati. Udongo wa mfinyanzi uliokauka kabisa ukitiwa majini hufyonza maji kwa nguvu, hewa iliyonaswa ndani husukumwa nje, na bonge hupasuka lenyewe. Bonge lenye unyevu halifyonzi; hukaa vilevile hata wiki nzima.

Kabla ya kuloweka, pima uzito wa mashapo makavu na uuandike. Bila namba hiyo huwezi kusema kuna meno mangapi kwa kilo, wala kulinganisha sehemu moja na nyingine.

Mimina mashapo ndani ya maji, si maji juu ya mashapo. Mchanga mtupu unahitaji saa moja tu. Wenye mfinyanzi uache usiku kucha, ukiongeza gramu 50 hivi za sodiamu kaboneti, yaani magadi yaliyosafishwa, kwa lita 10 za maji. Huzuia chembe za mfinyanzi kushikamana tena. Vaa glavu. Usitie siki wala asidi yoyote: magamba ya konokono na mawe ya masikio ya samaki yatayeyuka, na mizizi ya meno italiwa.

Hatua ya 3: Chekecha ndani ya maji

Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Unahitaji machekeche manne: milimita 4, 2, 1 na 0.5. Waya wa mbu wa dirishani una matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 hivi, unafaa kuwa chekeche la katikati, haufai kuwa la mwisho. Ukiwa na wavu usioujua, hesabu matundu yaliyo ndani ya sentimita 1, gawanya 10 kwa idadi hiyo, kisha toa unene wa uzi. Matundu 14 kwa sentimita ni milimita 0.7 pamoja na uzi, kwa hiyo tundu lenyewe ni dogo zaidi ya hapo. Chekeche la kujitengenezea ni rahisi: kata ndoo ya plastiki ubaki na pete ya kimo cha sentimita 12, tandaza wavu wa chuma kisichoshika kutu, ukaze kwa pete ya pili iliyokatwa kwenye ndoo nyingine ya saizi hiyohiyo na kupasuliwa ubavuni ili ipanuke. Mshono ubane vizuri. Meno hujificha kwenye upenyo na kutokea kwenye sampuli inayofuata.

Jaza beseni maji hadi theluthi mbili. Weka nusu lita ya mashapo kwenye chekeche, lizamishe mpaka maji yafunike mashapo, kisha lizungushe nusu mzunguko kwenda na kurudi, ukilinyanyua kidogo na kulishusha. Maji ndiyo yafanye kazi. Usisugue kwa vidole na usielekeze mpira wa maji kwa nguvu: ncha nyembamba za meno hukatika, na jino refu lililosimama wima hupenyezwa kwenye tundu ambalo lisingepita lenyewe.

Bonge lisiloachia baada ya dakika kumi, lirudishe likakauke upya, kisha loweka tena. Ukilibonyeza umelivunja pamoja na kilichomo.

Maji ya tope usiyamwage sinkini, yataziba bomba. Yaache yatulie kwenye ndoo ya pili, mwaga maji safi ya juu, kisha chukua kijiko kimoja cha tope la chini ukitazame kwa lenzi. Ukiona meno humo, chekeche lako la mwisho lina tundu lililochanika au ni pana mno.

Kati ya sampuli na sampuli, safisha machekeche kwa brashi laini upande wa chini. Kwenye maabara hulowekwa kwenye rangi ya bluu ya methilini, ili chembe iliyobaki ijitambulishe kwa rangi yake ikitokea mahali isipostahili. Ni tahadhari nzuri kwa yeyote anayefanyia kazi maeneo mawili au zaidi.

Hatua ya 4: Kausha tena na utenge kwa ukubwa

Tandaza masalio juu ya gazeti kivulini. Usitumie oveni wala jua kali: tabaka la nje la jino na mzizi wake havisinyai kwa kiasi kimoja, na joto la ghafla huacha nyufa. Yakikauka, yapitishe tena kwenye machekeche uwe na mafungu matatu: 4–2, 2–1 na 1–0.5. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mchanga lina silika inayodhuru mapafu. Kutenga huku si mapambo. Hadubini haiwezi kuonyesha sawasawa chembe kubwa na ndogo zilizo pamoja, na jicho lililozoea milimita 3 hupita juu ya jino la milimita 0.8 bila kuliona.

Fungu dogo lina kazi kubwa kuliko lingine lolote. Kipenyo cha chembe kikipungua nusu, idadi ya chembe kwa gramu huongezeka mara nane. Huwezi kulichambua lote, na huhitaji. Lakini usiteke kwa kijiko juu ya rundo: chembe kubwa huviringika pembezoni na ndogo hubaki katikati, kwa hiyo kijiko chako kitadanganya. Mimina rundo moja, libonyeze liwe bapa, ligawe robo nne kwa kadi, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kiasi unachokiweza. Andika ni sehemu gani ya fungu lote.

Hatua ya 5: Kuchambua

Mchanga wa Aurora una chembe za fosfeti nyeusi na za kahawia zinazong'aa, kwa hiyo trei nyeupe au ya bluu iliyopauka inafaa. Kwa mchanga mweupe wa kwatzi tumia trei nyeusi. Chora miraba ya upana unaolingana na uwanja wa hadubini yako. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai, unene wa chembe moja tu; chembe zikipandana, jino la chini limepotea.

Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha kwa fungu la milimita 2 na zaidi. Chini ya hapo tafuta hadubini ya macho mawili, mara 10 hadi 40. Taa ielekee kutoka ubavuni kwa chini, ili mng'ao wa taji, yaani sehemu ya juu ya jino, uonekane dhidi ya mzizi uliofifia.

Kuokoa jino tumia brashi ya rangi namba 000 iliyoguswa maji. Jino hunata kwenye ncha, na huachia likiguswa kwenye karatasi kavu. Kibano kikiteleza, jino huruka na hutaliona tena.

Pita mstari kwa mstari, kwenda na kurudi. Ukimaliza, tikisa trei, igeuze robo mzunguko na upite tena. Jino lililolala kwa ubavu mara ya kwanza huonekana mara ya pili, na kwa uzoefu wetu mzunguko huo haupaswi kuachwa kamwe. Pumzisha macho kila nusu saa.

Kuna wanaotenganisha kwa vimiminika vizito: madini ya meno yana uzito wa gramu 3.1 hivi kwa sentimita ya ujazo, na kwatzi 2.65, kwa hiyo kimiminika cha 2.8 huzamisha meno na kuelesha mchanga. Kwenye mchanga wa kwatzi ni njia nzuri sana. Aurora haisaidii, maana chembe za fosfeti ni za madini yaleyale na huzama pamoja na meno. Bromofomu, kimoja cha vimiminika hivyo, ni sumu. Isiguswe nje ya maabara.

Hatua ya 6: Umeona nini?

Kosa la kawaida ni kuokota chembe za fosfeti. Jino lina sehemu mbili zenye sura tofauti: taji laini linalong'aa, na mzizi wenye vinyweleo usiong'aa. Chembe ya fosfeti inang'aa pande zote.

Papa wa jamii ya Carcharhinus na Rhizoprionodon wana taji la pembetatu na mfereji katikati ya mzizi. Squalus ana taji fupi lililolala upande mmoja. Squatina ana taji jembamba lililosimama juu ya mzizi bapa. Ukilitazama ubavuni, linakunja pembe ya karibu digrii 90. Mustelus ana meno ya chini, ya mviringo, ya kusagia.

Taa wa jamii ya Dasyatis wana meno madogo yenye mzizi uliogawanyika pande mbili, na madume huwa na ncha kali. Pungu, ambaye naye ni taa, na jamaa zake huacha vipande bapa vyenye mzizi uliochongeka kama kitana. Vipande hivyo vikivunjika huwachanganya wengi, lakini mistari sambamba ya mzizi haifanani na kitu kingine.

Usitupe visivyo vya papa. Vitufe vyenye mgongo unaong'aa na tundu chini ni meno ya kusagia ya samaki wa mifupa. Pingili za uti wa mgongo zina mashimo pande zote mbili. Fito zenye mistari ya urefu, ambazo zikivunjika huonyesha uso bapa unaometa, ni miiba ya wale wanyama wa mwambani wa mviringo, wenye miiba mwili mzima, wanaochoma miguu ya wavuvi (kwa Kiingereza sea urchin). Magamba ya ngozi ya papa, mengi yakiwa chini ya milimita 1, yana matuta sambamba juu na kitako chini.

Kama jino lina taji bila mzizi, lipe jina la jamii tu, au liache bila jina.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Weka kila jino kwenye kapsuli tupu ya dawa au chupa ndogo yenye kifuniko. Usitumie pamba: nyuzi zake hunasa vincha na kuvivunja ukijaribu kulitoa jino. Ukitaka kubandika, tumia gundi inayoyeyuka kwa maji, ili atakayetaka kuona upande wa pili aweze. Jino lenye ufa huimarishwa kwa Paraloid B-72, aina ya gundi ya plastiki, ya asilimia 5 ndani ya asetoni, tone moja kwa brashi. Gundi ya papo kwa papo haitoki tena bila kuharibu.

Kwenye kadi andika mahali, tarehe, uzito wa mashapo makavu, saizi ya chekeche la mwisho na sehemu ya fungu uliyochambua. Saizi ya chekeche ndiyo wengi husahau, na bila hiyo hakuna anayeweza kujua kama taa wadogo hawakuwepo au walipita kwenye matundu. Mchanga uliokwisha kuchambuliwa nao uwekwe, na lebo yake.