Ukijaza tena tona ya 85A, mwaga taka kwanza

Wenye steshenari Dodoma mnaotumia HP LaserJet P1102: katriji yake ni 85A, na ikiwa mpya hutoa kurasa kama 1,600 wino ukifunika asilimia 5 tu ya ukurasa. Fomu zenye majedwali na picha huimaliza mapema zaidi.

Ukiijaza tena, usimimine unga tu. Ina vyumba viwili: cha tona, yaani unga wa wino, na cha taka zinazokwanguliwa kwenye dramu, yaani silinda ya kuchapia. Cha taka kikijaa, unga humwagikia ndani ya printa na karatasi hutoka na madoa. Mwaga taka kwanza, ndipo uweke kama gramu 60 hadi 70 za unga wa 85A. Wa printa nyingine huenda usishike vizuri kwenye joto la hii, na maandishi yakafutika kwa kidole. Taka nayo usiirudishe, ina vumbi la karatasi.

Silinda ya kijani au buluu inayong'aa ndiyo dramu. Usiiguse, na ifunike kwa kitambaa cheusi, maana mwanga unaiharibu. Doa linalojirudia kila baada ya sentimita 7.5 linatoka hapo. Kujaza unga hakulitibu, badilisha dramu.

Kazi hii msiifanyie barazani, jamani. Upepo wa kiangazi hupeperusha unga na kuleta mchanga, na chembe moja inatosha kukwaruza dramu. Vaa barakoa. Mikono nawa kwa maji baridi. Ya moto huugandisha unga.