SOMO: Kumpima fundi mitambo kwa vitendo kabla ya kumwajiri

Wakuu, swali hili limejaa kwenye ujumbe wangu. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

Andaa meza yenye mota, puli mbili na mkanda wa V. Weka pia beringi mbili za 6205 (ndani mm 25, nje mm 52, unene mm 15), moja ikiwa imeshafungwa kwenye shafti. Shafti ichongwe kwa kiwango cha k6 (kiwango cha kuibana beringi), yaani mm 25.002 hadi 25.015. Muda dakika 90. Msimpimie mtu kwenye mashine ya uzalishaji.

1. Mpe karatasi ya kazi, asome.

2. Azime swichi kuu, afunge kufuli, ufunguo autie mfukoni, kisha ajaribu kuwasha kuhakikisha umeme haupo. Akigusa mkanda kabla ya hapo, jaribio limeisha.

3. Atoe beringi ya zamani kwa pula (kifaa cha kuvutia beringi).

4. Apime shafti. Vania (kalipa ya kupimia) iwe mezani, maikromita, inayopima kwa usahihi zaidi, ibaki kwenye boksi lake. Vania inasoma kwa hatua za mm 0.02, kwa hiyo tofauti ya k6 haiwezi kuionyesha. Anayejua kazi ataiomba maikromita mwenyewe.

5. Afunge beringi mpya. Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapitisha mtu asiyefaa. Beringi inayobana kwenye shafti inasukumwa kwa ringi ya ndani PEKEE. Mwekee vipande viwili vya bomba: kimoja cha ndani mm 26 na nje mm 30, kingine kipana kinachokaa kwenye ringi ya nje. Uangalie mkono wake unaenda wapi. Akigonga ringi ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake. Ukiizungusha kwa mkono unaweza usisikie chochote, ila ikishabeba mzigo inaanza kuvuma na kufa mapema. Ndiyo maana usitoe alama kwa kuizungusha mwishoni. Simama pale nyundo inapopigwa. Akiomba kupasha moto, mpe hita: nyuzi 110 zinatosha, 120 asivuke, na moto wa gesi ni marufuku. Beringi zilizotumika kwenye jaribio zipake rangi nyekundu, zisije zikarudi stoo.

6. Avishe mkanda kwa kulegeza mota na kuisogeza. Akiulazimisha kwa bisibisi, kata alama. Puli azipange kwa uzi ulionyooka, uguse kingo zote nne. Mkanda ubonyee kama mm 16 kwa kila mita kati ya shafti. Shafti zikiachana mm 500, ni mm 8.

MASWALI

Afisa Ajira: Mkuu, nitumie maswali ya kuandika tu, hayo mengine marefu.
— Somo ni la vitendo. Soma namba 5.

Spana17: Unamfelisha mtu kwa kufuli? Viwanda vingi hata hazipo.
— Kwa hiyo mkanda umkate vidole kwa sababu stoo haina kufuli? Kama hakuna, atoe fyuzi akae nazo na aweke kibao. Asipofanya hata hilo, simchukui.

Binti Karakana: Akimaliza kwa dakika 110 lakini kazi ni safi?
— Swali zuri, dada. Angalia muda umepotea wapi. Kama ni kwenye kupima na kusafisha shafti, mchukue, kasi itakuja. Kama alifunga kisha akafungua mara tatu, hakuwa na mpango. Muulize pia kwa nini beringi ya zamani ilikufa; utajua kama anasoma alama au anabadilisha vipuri tu.

Binti Karakana: Asante. Mimi huchanganya bolti za M12 (mm 12) na nati za nusu inchi kwenye boksi moja, nione kama fundi atagundua.
— Hiyo naichukua. Zinaweza kushikana mizunguko michache, ukikaza uzi wa bolti unaharibika. Weka na geji ya uzi (kifaa cha kupimia uzi wa bolti) pembeni, uone nani ataigusa.