Jinsi ya kuisikiliza "One" ya Metallica mpaka ikuingie, hata kama metal kwako ni makelele

Kuna watu ukiwawekea thrash metal, ile metal ya kasi na gitaa zito, wanakwambia zima hayo makelele, na siwalaumu, mtu akianza na ngoma ya spidi kali mwanzo mwisho lazima kichwa kimuume. Ndo maana anayetaka kuonja huu mziki mi namwambia aanze na One ya Metallica, bendi ya metal ya Marekani, inatoka kwenye albamu ya ...And Justice for All ya mwaka 1988, ina dakika 7 na ushee. Ila uisikilize kwa mpangilio, ukiipiga juu juu utaishia kusema tu gitaa tamu.

Kwanza video iache kabisa. Chukua hedifoni, spika ya simu hapa haikusaidii kitu, itakula sauti zote za chini. Hapo mwanzo utasikia milio ya vita, mabomu, helikopta, halafu gitaa linaingia taratiiibu, safi, utadhani ni wimbo wa mapenzi. Usiruke kwenda mbele! Najua kidole kinawasha lakini vumilia, James Hetfield anaimba kwa upole kwenye beti, kwenye kiitikio gitaa linakuwa zito, kisha linatulia tena, na hivyo hivyo. Ukivuka dakika ya 4 ndo balaa linapoanza.

Sasa kabla hujairudia mara ya pili, jua kisa chenyewe, hii ndo sehemu watu wengi wanairuka. Wimbo umetokana na riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939, Johnny Got His Gun. Kuna kijana Mmarekani anaitwa Joe Bonham, yuko Vita ya Kwanza ya Dunia, bomu linampiga. Anaamka hospitali na anaanza kugundua kidogo kidogo, mikono haipo, miguu haipo, haoni, hasikii, uso umeondoka hawezi kuongea. Akili ndo nzima kabisa. Yani mtu amefungiwa ndani ya mwili wake na hakuna anayejua kwamba yumo. Kuna nesi mmoja anamwandikia kwa kidole kifuani, herufi moja moja, kumtakia Krismasi njema, na jamaa anaelewa, mi hapo ndo pananimaliza kila siku. Baadaye anapata wazo la kugonga kichwa kwenye mto kwa alama za Morse, zile nukta na mistari zinazosimama badala ya herufi, ili aongee na watu. Wanamwelewa, anaomba watu wamwone waijue vita ilivyo, wanakataa. Trumbo mwenyewe akaja kuitengenezea filamu mwaka 1971, mambo ya hospitali kayaweka black and white, ndoto na kumbukumbu za jamaa zina rangi.

Haya, rudia wimbo ukiwa na hicho kisa kichwani. Ikifika ile sehemu ya dakika ya 4, sikiliza miguu ya Lars Ulrich kwenye drams, zile dramu kubwa za chini anazipiga kwa miguu yote miwili, mapigo sita sita ya haraka, na gitaa linamfuata hapo hapo bila kupishana. Wengi wanasema ni rashasha ile, na ni kweli inafanana, lakini mi naisikia pia kama kile kichwa kinachogonga mto. Amua mwenyewe. Halafu Kirk Hammett anaingia na solo, vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi, na usitegemee mwisho mtamu maana wimbo unakatika ghafla tu.

Ukijaribu kulitafuta gitaa la besi ukalikosa, masikio yako hayana shida. Albamu nzima iko hivyo. Cliff Burton aliyekuwa anapiga besi alifariki Septemba 1986 kwenye ajali ya basi lao kule Sweden, akaingia Jason Newsted, na kwenye miksi, pale sauti za vyombo zinapounganishwa, sauti yake ikashushwa mpaka karibu haipo, mashabiki wanagombana kuhusu hilo mpaka leo.

Baada ya hapo sasa fungua video. Ilitoka mwanzoni mwa 1989 na ndo ya kwanza kwao, kabla ya hapo walikuwa hawafanyi video na mashabiki walijivunia hilo, kwa hiyo kuna walionuna wakasema jamaa wamejiuza kwa MTV, ile televisheni ya muziki. Itazame kwanza halafu useme kama huko ndo kujiuza: jamaa wanapiga kwenye ghala, black and white, wanachanganya na vipande vya ile filamu pamoja na maongezi yake. Kuna toleo lililokatwa, hilo achana nalo, tafuta refu. Na hiyo hiyo ngoma ikawaingiza Top 40 ya Marekani, zile nyimbo 40 za juu kwenye chati, kwa mara ya kwanza, ikafika namba 35, bila kupunguza ukali hata kidogo.

Mwisho tafuta walivyoipiga laivu kwenye Grammy za Februari 1989. Mwaka huo ndo tuzo ya hard rock na metal ilitolewa mara ya kwanza, kila mtu alijua ni ya Metallica, wakapewa Jethro Tull, bendi ya mpiga filimbi, ambao hata ukumbini hawakuja maana hawakutegemea kushinda, na watu wakazomea. Mwaka uliofuata tuzo ikagawanywa mbili na One ikabeba ile ya metal. Lars hakusahau, 1992 walivyoshinda tena akawashukuru Jethro Tull kwa kutotoa albamu mwaka ule 😂

Ikikukolea, nenda kwenye ile waliyopiga na okestra ya San Francisco mwaka 1999, ila hiyo ni baada ya haya yote, ukianza nayo utaharibu utamu.