Dania ya nyumbani: jinsi ya kujua siku ya kukata

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani ambaye dania yake ya roshani ilikuwa imeshatoa maua meupe, naye bado anasubiri ikomae ndipo aikate. Alikuwa amehesabu siku kama zilivyoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Lakini pakiti hiyo hiyo huuzwa Mombasa kwenye joto na Limuru kwenye baridi, na dania ya Mombasa haikui kama ya Limuru. Siku ya kukata utaisoma kwenye mmea wenyewe, hasa jani jipya linalochipua katikati. Nazungumzia dania ya majani, ile ambayo Watanzania wengi huiita giligilani au kotmiri.

Hatua ya 1: Panda pale pale itakapokulia

Kila punje ya dania ina mbegu mbili ndani. Isugue taratibu kwa kiganja hadi ipasuke, iloweke usiku kucha, kisha ifukie kiasi cha sentimita 1. Ndoo au debe lililotobolewa chini linatosha. Usioteshe kitaluni ukahamisha: dania ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na mzizi huo ukiguswa mmea hukimbilia kutoa maua.

Hatua ya 2: Mkato wa kwanza

Vile vijani viwili vyembamba vya mwanzo usivihesabu. Subiri majani ya kweli, mapana, yenye kingo zilizochongoka, na mmea ufikie sentimita 15 hivi. Kwa kawaida hapo zimepita siku 30 hadi 45 tangu kupanda, lakini anza kuangalia mapema.

Tumia mkasi. Sipendi kabisa tabia ya kunyofoa kwa vidole, maana udongo wa ndoo ni laini na utang'oa mmea mzima kwa ajili ya vijiti viwili vya kachumbari. Kata vijiti vya nje, karibu na udongo, na uache vya katikati viendelee. Usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Rudi tena baada ya wiki moja au zaidi, ukiona umejaza.

Hatua ya 3: Soma katikati ya mmea

Hapa ndipo watu wengi hupoteza dania yao, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dania changa hutoa vijiti vyake vyote kutoka sehemu moja chini, karibu na udongo, na kila kijiti hubeba jani pana juu. Ikiwa hivyo, huna haraka. Kata unavyohitaji.

Siku moja utaona katikati pameinuka shina moja, nene kuliko mengine, lenye vifundo, na majani yanatoka kwenye vifundo hivyo badala ya kutoka chini. Hiyo ni dalili ya kwanza. Ya pili huja siku chache baadaye: majani mapya ya juu ni membamba, yamechanika kama nyuzi, ukiyatazama utadhani ni shibiti. Ya tatu ni vichwa vidogo vya maua. Watu wengi hushtuka kwenye hii ya tatu, na hapo wamechelewa. Mmea umeshahamishia nguvu zake kwenye mbegu. Majani mapana ya chini huanza kuchakaa, na yale ya juu yana ukali unaoelekea uchungu.

Kwa hiyo ukiona dalili ya kwanza, kata majani yote mapana ya mmea huo siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Wako wanaoshauri ulikate lile shina la katikati ili mmea urudi kutoa majani. Utapata siku chache tu, kisha litachipua jingine pembeni. Mimi nashauri uvune na upande nyingine.

Yapo mambo kadhaa ya kuangalia kabla hujaamua:

Angalia kila mmea peke yake. Ndani ya ndoo moja mmoja unaweza kuwa umeinua shina na wa kando yake ukawa na wiki mbili mbele. Usivune ndoo nzima kwa sababu ya mmoja.

Majani ya chini kuwa manjano si kukomaa. Mara nyingi ni njaa ya mbolea au maji yaliyotuama. Angalia matundu ya chini ya ndoo kwanza.

Dania iliyolegea saa saba mchana usiikate. Mwagilia, ikiwezekana isogeze kivulini, uitazame tena kesho asubuhi. Ukiikata imelegea, huenda isisimame tena vizuri hata ukiiweka kwenye maji.

Msimu hubadilisha kila kitu. Kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo kinachoisukuma dania kutoa maua ni joto na kiu. Pwani, wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na mmea unaweza kuinua shina kabla hujaufaidi. Miezi hiyo iweke mahali panapopata jua la asubuhi tu, usiache udongo ukauke, na anza kukata mapema, hata ikiwa na sentimita 10. Wakati wa kusi ina subira zaidi, na Limuru au Lushoto zaidi bado. Ziko pia aina zinazochelewa kutoa maua, kama Santo na Calypso. Ukizipata dukani zinunue, ila usizitegemee zishinde joto la Februari.

Na panda ndoo nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu. Anayetegemea ndoo moja huogopa kuikata, na dania isiyokatwa kwa woga huishia kwenye maua.

Hatua ya 4: Saa ya kukata

Asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Kama umepulizia dawa ya vidukari, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzifuate.

Hatua ya 5: Jikoni

Majani tia mwishoni, mchuzi ukishaepuliwa, kwa sababu moto huondoa harufu yake upesi. Vijiti usivitupe. Vina ladha nyingi, vikate vidogo uvikaange na vitunguu au uvisage kwenye chatne. Inayobaki simamisha kwenye glasi ya maji ndani ya friji, na uioshe wakati wa kuitumia tu.

Hatua ya 6: Ikishatoa maua

Usiing'oe. Sasa unavuna mbegu, na hizo zina nyakati mbili.

Ya kwanza ni mbegu mbichi, zikiwa kijani na zimejaa. Zitwange na pilipili, kitunguu saumu na ndimu, upakie samaki wa kuchoma. Sidhani utazikuta sokoni, na kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuacha mimea michache itoe maua.

Ya pili ni mbegu kavu, miezi mitatu hadi minne tangu kupanda. Usisubiri zote zikauke, zitamwagika. Nyingi zikishageuka kahawia, kata vichwa asubuhi na mapema vikiwa bado na unyevu wa umande, vitie kwenye mfuko wa karatasi vichwa vikiangalia chini, uutundike penye hewa. Pima kwa pua: mbegu isiyokomaa harufu yake ni kali na haipendezi, iliyokomaa ni tamu. Za mchuzi zikaange bila mafuta na uzitwange siku ya kupika.

Za kupanda tena chagua kutoka kwenye mmea uliokuwa wa mwisho kutoa maua. Watu huchukua za ule wa kwanza kwa kuwa ndizo hukauka mapema, na kila msimu dania yao inazidi kuwa na haraka ya kuchanua. Funga kitambaa chekundu au uzi kwenye ule uliochelewa, ili siku ya kuvuna asije mtu akauchanganya na mingine.