Dekali za jeti: jinsi ya kujua ziko sahihi au zimekosewa kabla hujazitia kwenye maji

Wadau wa modeli, kila siku naona mtu ananunua karatasi ya dekali (zile alama nyembamba unazolowesha majini na kubandika kwenye modeli ya ndege) ya elfu kadhaa kwa sababu juu imeandikwa "sahihi kabisa", sasa tuanze hapohapo, dekali haiwi sahihi hivihivi tu, inakuwa sahihi kwa ndege moja, yenye namba yake, tarehe fulani, na mara nyingine upande mmoja tu wa ndege hiyo. Ukishika hilo kazi yote iliyobaki ni kuchimba.

Tuchukue Tomcat, yaani F-14, jeti ya kivita ya jeshi la maji la Marekani, maana dekali zake ni nyingi sokoni na makosa yapo pia. Tarehe 4 Januari 1989 F-14A mbili za kikosi cha VF-32, waliokuwa kwenye manowari ya kubeba ndege USS John F. Kennedy, zilitungua MiG-23 mbili za Libya juu ya Mediterania. Moja ilikuwa Gypsy 207 (jina lake la kuitwa redioni), namba yake ya jeshi la maji 159610. Ndege hiyo ipo mpaka leo, iko kwenye makumbusho ya Smithsonian pale Udvar-Hazy, Virginia, na picha zake mtandaoni zimejaa tele. Na mtego ndo uko hapo, maana baada ya 1989 ilirudishwa kiwandani ikageuzwa kuwa F-14D, wakaiwekea injini za F110 badala ya TF30, vidude viwili vya kuonea vimekaa sambamba chini ya pua, na leo inaonekana ina rangi za VF-31, kikosi kingine kabisa! Kwahiyo mtu anaangalia picha ya makumbusho, anaona 159610, analinganisha na dekali zake za VF-32 anasema dekali mbovu, au kinyume chake anabandika alama za 1989 kwenye modeli ya F-14D. Namba ni ileile ila ndege imeishi maisha mawili, na karatasi yako lazima iseme ni maisha yapi.

Ndo maana kabla ya kupima chochote mimi nasoma karatasi kwanza kama askari wa trafiki anavyosoma leseni. Ndege za jeshi la maji la Marekani zina herufi mbili mkiani, hiyo ni kodi (code, siyo ushuru) ya kundi zima la ndege za meli, ikianza na A ni upande wa Atlantiki, ikianza na N ni Pasifiki. Puani kuna tarakimu tatu, 100 na kuendelea kikosi cha kwanza, 200 cha pili, na zile zinazoishia 00 ni za mkuu wa kundi ndo maana zinapakwa mbwembwe zote. Halafu chini karibu na mkia kuna namba ndogo ya tarakimu sita, aina ya ndege, jina la kikosi na mara nyingi jina la meli. Hivi vyote vinatakiwa vikubaliane. VF-32 kwenye Kennedy mwaka huo ni AC na namba za 200, sawa. Sasa chukua lile fuvu na mifupa la Jolly Rogers (jina la utani la kikosi) ambalo kila mtu analitaka, lilikuwa la VF-84 wenye kodi AJ mpaka kikosi kilipovunjwa 1995, kisha VF-103 wakachukua jina na fuvu lakini kodi yao AA. Ukikuta fuvu lina AJ halafu chini imeandikwa VF-103, mkuu, rudisha karatasi dukani.

Na alama ya ndege iliyotunguliwa, ile picha ndogo ya MiG wanayochora ubavuni, haiwezi kuwepo asubuhi ya tukio lenyewe si ndio? Karatasi inakuambia "Gypsy 207, 4 Januari 1989" na imekupa alama ya ushindi, basi hiyo ni ndege ya wiki au miezi baadaye. Majina ya marubani chini ya kioo nayo hivohivo, yanabadilika kila watu wakihamishwa, na jina lililoandikwa siyo lazima ndiye aliyerusha siku hiyo.

Haya, vipimo. Hapa watu wanaogopa bure, ni hesabu ya darasa la tano. Milimita 1 kwenye skeli ya 1/72 ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi, kwenye 1/48 ni sentimita 4.8. Kwahiyo namba ya puani ikizidi milimita moja na nusu kwenye 1/72 umeongeza zaidi ya sentimita 10, na hilo jicho linaliona hata kama hujui kwanini modeli inaonekana ya ajabu. Pima rangi iliyochapwa, siyo ile filamu inayong'aa pembeni yake. Tomcat ina urefu wa mita 19.1 hivi, ina maana modeli ya 1/72 iwe karibu milimita 265 na ya 1/48 karibu 398, anza kwa kupima modeli yenyewe maana kama modeli imekosewa utailaumu dekali bure.

Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji vifaa vya ajabu. Piga kopi ya karatasi yako ya dekali kwa ukubwa uleule, asilimia 100, na hakikisha kwa rula kwamba mashine haijapunguza, kisha kata zile alama kwa mkasi, zishike kwenye modeli kwa selotepu, tafuta picha ya ndege halisi iliyopigwa kwa ubavu kabisa, piga picha modeli yako kwa simu kutoka pembe ileile ukiwa mbali kidogo halafu uvute zumu, kisha weka picha mbili pamoja. Usisogeze simu karibu sana, pua itavimba na vipimo vyote vitadanganya. Angalia herufi inaanzia mstari gani wa bati na inaishia wapi, inagusa usukani wa mkia au haigusi, iko juu au chini ya ule mstari. Ukifanya hivo dakika ishirini utajua mengi kuliko mabishano ya wiki nzima.

Umbo la herufi nalo ni jambo. Wamarekani wanatumia herufi za kukatwa pembe, kona hazina mviringo, ni mkato wa nyuzi 45. Mchapaji mvivu anachukua fonti ya kompyuta iliyofanana fanana, utamkamata kwenye 0, 2, 3 na S. Ila kumbuka pia kule melini vijana walikuwa wanapaka kwa mikono usiku, kwahiyo kuna ndege zenye namba zilizopinda kweli, na dekali iliyonyooka sana ndo yenye kosa. Kuna kitabu cha kanuni, MIL-STD-2161, kinaeleza alama za ndege za jeshi la maji zinatakiwa zikaeje, kizuri sana, lakini kanuni ni kanuni na picha ni picha, vikigombana mimi naenda na picha.

Nyota ya taifa ya Marekani, ile iliyo ndani ya duara lenye vipande viwili pembeni kama mbawa, ni kipimo kizuri cha umakini wa mchapaji maana kila kitu chake kina uwiano. Ncha za nyota zinagusa ukingo wa duara, kila mbawa nyeupe ya pembeni ina urefu sawa na nusu kipenyo cha duara na kimo chake ni nusu ya hapo, na ukingo wa juu wa mbawa uko mstari mmoja na ukingo wa juu wa zile ncha mbili za pembeni. Mstari mwekundu katikati ya mbawa hizo upo tangu Januari 1947. Kwenye mabawa ya ndege yenyewe nyota inakaa juu kushoto na chini kulia tu, ukiona mchoro wa maelekezo unakuwekea pande zote nne, jua aliyechora alikuwa na haraka.

Uchapaji wenyewe unautazama kwa lenzi ya kukuzia. Rangi iwe imejaa, siyo vidoti vidoti kama gazeti, na nyeupe isitokeze nje ya nyekundu kama kanga iliyochapwa vibaya. Nyeupe ijaribu kwa kuweka alama moja usiyoihitaji juu ya plastiki nyeusi, ikigeuka kijivu basi juu ya mkia mweusi itakufa.

Rangi ndo ugomvi usioisha. Usilinganishe na skrini ya simu, kila simu ina rangi zake na picha za zamani zimepauka. Linganisha tofauti ya rangi moja na nyingine. Miaka ya 80 Tomcat nyingi zilipakwa kijivu tatu, kwa namba za rangi za Kimarekani ni 35237 juu, 36320 ubavuni, 36375 chini, na alama zilikuwa za kijivu hizohizo juu ya kijivu, kwahiyo zinatakiwa zionekane kwa shida. Karatasi nyingi zinachapa kijivu cha giza mpaka kinakaribia kuwa cheusi ili mteja aone alichonunua. Kwenye picha alama imefifia na kwenye karatasi inapiga kelele, hapo tatizo ni karatasi, haijalishi namba gani ya rangi wameandika pembeni.

Maandishi madogo ya tahadhari, kwa 1/72 mimi sihangaiki na tahajia. Herufi ya inchi moja inabaki milimita 0.35, nani atasoma. Naangalia tu rangi na mahali pake, maana maandishi mekundu na meusi ya miaka ya 70 kwenye ndege ya kijivu ya 1989 yanaonekana toka mlangoni.