Kuomba shahada ya baiolojia Tanzania: tazama masomo mawili kabla ya jina la kozi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wengi waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hukimbilia udaktari wa binadamu, na waliosoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hujiona wamefungiwa mlango wa sayansi kwa kuwa hawana Fizikia. Kosa lao ni moja: wametazama jina la kozi kabla ya masomo yanayoiamua. Anayetaka shahada ya kwanza yenye baiolojia ndani yake ahesabu pointi kwanza, kisha achague kozi, ndipo aguse fomu.

Hesabu pointi

Kwa waliofanya mtihani kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Prinsipo ni alama ya A hadi E, kwa hiyo S haihesabiki hapo, wala General Studies na BAM (hisabati tumizi ya msingi) hazikusaidii kufikisha idadi. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015, enzi za B+, wana mizani yao, na imo kwenye mwongozo wa TCU.

Hapa tuwe makini, maana ndipo wengi wanapoangukia. Pointi hizo 4.0 hutoka kwenye masomo mawili yanayotajwa na kozi unayoomba, si masomo yoyote uliyofanya vizuri. Tuseme mwanafunzi wa CBG amepata Jiografia B, Baiolojia D na Kemia E. Akiomba kozi inayokubali Baiolojia na Jiografia, ana pointi 6, yumo ndani. Akiomba inayodai Baiolojia na Kemia, ana pointi 3, na maombi yake hayafiki popote hata nafasi zikibaki wazi. Cheti ni kilekile, mtu ni yuleyule.

Basi chukua karatasi, andika kila jozi ya masomo yako na jumla yake. Karatasi hiyo ndiyo utakayoitembeza kwenye orodha ya kozi.

Soma mwongozo wa mwaka huu

TCU hutoa miongozo miwili kila mwaka, mmoja kwa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada na sifa nyingine linganifu. Pakua unaokuhusu kutoka tovuti ya TCU, na uwe wa mwaka huu. Faili la mwaka jana linalozunguka WhatsApp litakupoteza, kwa sababu vyuo hubadilisha masharti na kozi huingia na kutoka.

Kwenye jedwali la kila chuo utakuta jina la kozi, namba yake, masharti ya kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Safu ya masharti isome neno kwa neno. Kuna kozi zinazoongeza sharti la kidato cha nne, kwa mfano kufaulu Hisabati au Fizikia, na sharti hilo huwa limekaa mwishoni kabisa mwa sentensi ndefu.

Usitafute neno "baiolojia" peke yake. Chuo Kikuu cha Dodoma kina idara ya baiolojia, lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeigawa fani hiyo katika idara tatu: ya mimea, ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, na ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Sokoine kule Morogoro wana usimamizi wa wanyamapori, na bioteknolojia pamoja na sayansi ya maabara. Anayetaka ualimu atazame Shahada ya Sayansi na Elimu, na huko akumbuke kuwa atahitaji somo la pili la kufundishia.

Maoni yangu ni haya: kama unapenda kazi ya maabara na Kemia yako ni nzuri, molekuli au maikrobiolojia itakufaa. Kama nguvu yako ni Baiolojia na Jiografia, anza kusoma masharti ya wanyamapori na mazingira. Usiombe kozi kwa sababu rafiki yako ameiomba.

Jaza maombi

Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wake wa mtandaoni, si TCU. Fungua akaunti kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S, namba ya shule, namba yako, kisha mwaka. Mtahiniwa wa kujitegemea yake huanza na P. Kama ulirudia mtihani, ingiza namba za awamu zote. Weka namba ya simu iliyo mkononi mwako, si ya mwenye steshenari.

Mwenye stashahada anahitaji wastani wa GPA usiopungua 3.0, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Iombe mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Aliyesoma sekondari nje ya nchi aanzie Baraza la Mitihani (NECTA) kupata ulinganifu wa cheti.

Lipa ada ya maombi kwa kumbukumbu namba utakayopewa na mfumo, panga kozi kwa kipaumbele, kisha hakikisha umebonyeza kitufe cha kutuma. Kulipa peke yake si kuomba.

Ukichaguliwa

Unaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja. Ukichaguliwa viwili au zaidi, utatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, na ni lazima uthibitishe chuo kimoja kwenye mfumo wa chuo hicho kabla ya tarehe ya mwisho. Namba hiyo usimpe mtu. Ukikosa dirisha la kwanza, subiri la pili, ila rudi kwanza kwenye karatasi yako ya jozi na uombe kozi zenye nafasi zilizobaki.

Mkopo ni ombi jingine kabisa, kwa Bodi ya Mikopo (HESLB). Tumia namba ileile ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na uhakiki huo huchukua siku. Upeleke hata kabla matokeo hayajatoka.