Kabla ya kununua fimbo za gofu za Japani, angalia digrii

Ndugu zangu mnaocheza gofu hapa Lubumbashi, kama unatafuta seti mpya ya fimbo za chuma zilizofuliwa Japani, iwe Miura wa Himeji au Mizuno wanaofulia Hiroshima, usitazame namba peke yake. Uliza digrii, yaani jinsi uso wa fimbo ulivyolala nyuma: digrii zikipungua, mpira unakwenda mbali zaidi. Namba 7 ya umbo la zamani ina kama digrii 34. Nyingi za siku hizi zina 30 au chini ya hapo. Mpira unakwenda mbali, kweli, lakini wedji (fimbo ya mipigo mifupi) inayokuja na seti hiyo inaweza kuwa ya digrii 44. Ukiwa na wedji ya mchangani ya 56, katikati linabaki pengo kubwa la umbali, na utatoa pesa tena kuliziba.

Raha ya hiki chuma kilichofuliwa ni kwamba ni laini, fundi anakipinda shingoni digrii moja mbili, mpini usimame au ulale zaidi, mpaka fimbo ikukae. Jipime hivi: chora kwa kalamu ya wino mzito mstari wima kwenye mpira, upande unaopigwa. Piga, kisha soma alama usoni mwa fimbo. Juu ya mstari kukiegemea ncha ya kichwa, fimbo imesimama mno. Kukiegemea upande wa mpini, imelala mno.

Za mitumba nazo ni nzuri sana, ila geuza kichwa cha fimbo utazame chini yake. Kromu inayokifunika chuma ikishachubuka, kutu inaingia haraka, hasa masika yetu yakianza Novemba. Kausha fimbo kabla ya kuzirudisha mfukoni.